Kiharusi na kutembea tena: mazoezi ndani ya nyumba ya Lamu

Mgonjwa wa kiharusi akirudishwa nyumbani kutoka hospitali, jambo la kwanza tunalomfanyia hapa kisiwani Lamu ni kumtandikia. Kitanda kizuri, mito, mtu wa kumlisha, mtu wa kumkanda kwa mafuta asubuhi na jioni. Ni mapenzi, na hayana lawama. Lakini mguu uliopooza haurudi kwa kulala wala kwa kukandwa. Unarudi kwa kubebeshwa uzito wa mwili, kwa kusimama na kupiga hatua, mara nyingi kila siku, na mara hizo zihesabiwe. Yote yatakayofuata hapa yanatokana na neno hilo moja.

Mguu wenyewe hauna ugonjwa. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Sehemu zilizosalimika hujifunza kazi ile upya, na hujifunza kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyoshika aya: kwa kurudia hadi ulimi uzoee. Mkandaji anapokanda, anayefanya kazi ni yeye, ubongo wa mgonjwa haujifunzi kitu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walikaa wakahesabu kinachofanyika kwenye vipindi vya mazoezi ya wagonjwa hawa, wakakuta katika vipindi vya kutembea wastani ni hatua 357 tu. Hizo ni chache, na hao walikuwa na wataalamu na kumbi za mazoezi. Nyumbani, bila hesabu, familia huamini mgonjwa "ametembea leo" kumbe amekwenda chooni mara mbili na kurudi.

Kwa habari ya kukanda kuna onyo ambalo halina mjadala. Shavu la mguu mnyonge likivimba, likiwa na joto na maumivu kuliko la pili, lisiguswe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kuling'oa bonge likapanda hadi mapafuni. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akishikwa na pumzi ghafla au maumivu ya kifua, msingoje hata saa moja.

Siku za mwanzo

Haraka nayo ina hasara yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulilinganisha uuguzi wa kawaida na kumtoa mgonjwa kitandani mapema mno, mara nyingi na kwa muda mrefu kuanzia saa 24 za kwanza. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri ni 46 kwa kila 100 katika kundi la haraka, na 50 kwa kila 100 katika kundi la kawaida. Kwa hiyo siku za kwanza ni vipindi vifupi vifupi, na anayeruhusu ni daktari. Baada ya hapo kila wiki ina thamani, maana miezi 3 ya mwanzo ndiyo mwili unapojibu kwa kasi zaidi. Haimaanishi mlango unafungwa mwezi wa nne. Aliyepata kiharusi mwaka jana bado hufaidika.

Kazi ya kwanza kabisa ni kuketi. Miguu yote miwili iguse chini, mgongo usiegemee kitu, mikono isishike kitanda. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2011 kwamba wagonjwa walioweza, ndani ya saa 72, kuketi hivyo kwa sekunde 30 na kuukaza japo kidogo mguu uliopooza, karibu wote, 98 kwa kila 100, walikuwa wakitembea wenyewe kufikia mwezi wa sita. Asiyeweza asikatiwe tamaa, ila ajue zoezi lake la leo ni lipi: kuketi ukingoni mwa kitanda mara 3 au 4 kwa siku, dakika 5, kisha 10, kisha 15, akinyoosha mkono mzima kuchukua kitu mbele, upande huu, upande ule.

Kitanda cha kamba hakifai kwa kazi hii. Kamba huzama katikati, nyonga zikaenda chini kuliko magoti, na mtu mzima wa afya mwenyewe hupata taabu kuinuka. Wekeni ubao chini ya godoro au mwekeeni kiti kigumu chenye mikono.

Akiwa bado amelala kuna zoezi moja ambalo hatungeliacha: magoti yakunjwe, nyayo zikanyage kitanda, msaidizi ashike goti na unyayo wa upande mnyonge visiteleze, kisha mgonjwa ainue nyonga juu, ahesabu 3, ashushe pole pole. Mara 10, apumzike, mara 10 tena, awamu 3. Misuli ya matako ndiyo inayoishika nyonga isianguke mtu anaposimama kwa mguu mmoja, na kutembea kote ni kusimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine.

Kuketi na kusimama

Kama mna nguvu ya kufanya zoezi moja tu kwa siku, fanyeni hili.

Kiti kiwe cha juu kwanza, karibu sentimita 50 kutoka sakafuni, kimeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Mgonjwa asogee mbele hadi nusu ya mapaja iwe nje ya kiti. Nyayo zirudishwe nyuma ya magoti kama sentimita 10, na huu ndio ufunguo: unyayo mnyonge uwe nyuma kidogo kuliko mzima. Ukiuacha mbele, mwili utausimamia mguu mzima peke yake, na utakuwa umefanya mazoezi ya mguu usioumwa. Vidole vya mikono vifumbatane mbele. Kisha ainame hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke.

Wengi hushindwa hapo kwenye kuinama. Mgonjwa anaogopa kuanguka mbele, basi husukuma kwenda nyuma, msaidizi naye akamvuta kwa mikono kwenda juu. Hapo bega la upande uliopooza, ambalo halina misuli ya kulishika, huchomoka kidogo kidogo kwenye tundu lake, na maumivu ya bega hilo yatamzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Msimvute mkono, wala msimwinue kwa kwapa. Chukueni kikoi, kikunjeni kwa urefu kiwe kama mkanda mpana, mfungeni kiunoni kwa fundo la kukaza, na mshikeni hapo kwa nyuma. Msaidizi aketi au apige goti mbele ya mguu mnyonge, goti lake lizuie goti la mgonjwa lisikunjike ghafla. Maneno yawe machache na yale yale kila mara: "Baba, nyayo nyuma. Pua mbele. Haya, inuka." Mkizungumza watu watatu kwa pamoja, hatasikia hata mmoja.

Akisimama, asubiri sekunde 3 hadi 5, kisha ashuke polepole. Kushuka ni nusu ya zoezi. Kujiangusha kitini ni kuitupa nusu hiyo. Anayeanza, mara 5 asubuhi na 5 jioni. Lengo ni awamu 3 za mara 10, mara mbili kwa siku, yaani 60. Zikimwendea rahisi, msiongeze hesabu kwanza. Punguzeni urefu wa kiti hadi sentimita 45, kisha 40. Mto mgumu au ubao chini ya makalio ndio wa kuongezea na kupunguzia urefu.

Mnajuaje kama mguu mnyonge unabeba? Macho hudanganya. Chukueni mizani ya kupimia watu, iwekeni chini ya unyayo mnyonge, na chini ya unyayo mzima ubao wenye kimo sawa na mizani. Mtu wa kilo 60 akisimama sawasawa, mizani isome karibu 30. Mara nyingi mwanzoni husoma 15 au 18, huku yeye mwenyewe akiapa amesimama sawa. Mwonyesheni namba. Anaposogeza nyonga taratibu kuelekea upande ule huku anaona namba ikipanda, ubongo unapata habari ambayo mguu haumletei.

Kisha mguu mzima upande juu ya kipande cha ubao cha sentimita 10 na kurudi, mara 10, awamu 3. Mguu mzima ukiwa hewani, mnyonge hauna pa kukimbilia.

Msana ni uwanja wa mazoezi

Wanaoishi katika nyumba za kale za mawe wana neema ambayo hawaijui. Boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba vyetu, haufiki mita 3, na urefu wake ni mkubwa. Msana, yaani ukumbi mrefu wa ndani, basi, ni njia ndefu, nyembamba, yenye ukuta pande zote. Kumbi za mazoezi hutengeneza kitu kama hicho kwa vyuma viwili.

Ondoeni mikeka na mazulia, pindo za mkeka huangusha watu. Mgonjwa atembee ukuta ukiwa upande wake mzima, kiganja kikiwa bapa ukutani. Asishike wala kujivuta. Msaidizi akae upande mnyonge, nyuma kidogo, mkono mmoja kwenye kikoi cha kiunoni. Akae huko, maana mgonjwa huangukia upande mnyonge. Wapo ambao kiharusi kimewafutia upande mmoja wa dunia: hugonga mwimo wa mlango, huacha nusu ya chakula sahanini. Hao wasemesheni kutoka upande ule ule wanaousahau.

Baada ya kwenda mbele, ageuke auelekee ukuta, atembee kwa ubavu: hatua 10 kulia, 10 kushoto. Kisha nyuma, hatua chache, akiwa ameshikwa. Mkipanda kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani, kuingia msana, na kutoka msana wa tini (wa chini) kwenda wa yuu (wa juu), mara nyingi kuna kidato kimoja kifupi. Hicho nacho ni kifaa cha mazoezi mlichojengewa na mababu.

Hesabu: anzeni na alichoweza leo, tuseme hatua 40, mara 5 kwa siku. Kila siku 2 au 3 ongezeni hatua 10 kwa kila safari. Andikeni kwenye daftari. Simu nyingi za siku hizi huhesabu hatua, ila mguu unaoburutwa simu huukosa, kwa hiyo wiki za mwanzo hesabuni kwa mdomo.

Makosa ya hatua, na sababu zake

Goti linarudi nyuma kama upinde kila anapokanyaga. Hili ndilo tunalolihofia zaidi, kwa sababu halimuumi mwanzoni, na familia hufurahi kuona mguu "umenyooka". Limefungwa hivyo kwa kuwa misuli ya paja haiwezi kulishika likiwa limekunjika kidogo, au shavu la mguu limekaza na kisigino hakitaki kushuka. Miaka ikipita, kano za nyuma ya goti hulegea na kuuma. Dawa yake: asimame ukutani, akunje magoti kidogo sana, kama nyuzi 20, ashike sekunde 3, anyooke bila kulifunga goti, mara 10, awamu 3. Na shavu linyooshwe: mguu mnyonge nyuma, kisigino chini, aegemee ukuta mbele, sekunde 30, mara 4.

Vidole vinaburuta. Misuli ya mbele ya muundi haiinui unyayo. Hapa champali na makubadhi ni hatari kabisa. Kiatu kiwe cha kufunga kisigino, raba nyepesi yenye soli isiyonata. Bendeji pana ya kuvutika inaweza kufungwa kutoka chini ya unyayo, ikavuka mbele ya kifundo kwa mtindo wa namba 8, ikiinua upande wa kidole kidogo, juu ya soksi, ikavaliwa wakati wa zoezi tu. Vidole vikibadilika rangi au kupata ganzi, ifunguliwe. Tatizo likidumu, mtaalamu wa viungo atampimia kifaa cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu na kukishika kifundo. Kukivaa hakuufanyi mguu uwe mvivu, kama watu wanavyohofu. Kinamwezesha kupiga hatua nyingi zaidi, na hatua ndizo tunazozitafuta. Mwenye sukari akaguliwe nyayo kila jioni, asije akachunwa na kifaa bila kuhisi.

Mguu unafagia kwa duara kwenda nje. Goti halikunjiki, basi unatafuta njia ya pembeni. Agongeshe unyayo mnyonge juu ya kidato na kuushusha, mara 10, awamu 3, goti likiinuka mbele na siyo pembeni.

Na hili la mwisho ni la wote: wanatazama miguu yao. Kichwa kikiinama mwili wote unakwenda nacho. Mpeni kitu cha kutazama mwisho wa msana, kidaka (kishubaka cha ukutani) au saa ya ukutani.

Bakora

Ishikwe mkono mzima. Watu huona ajabu, wakadhani inakwenda upande wenye udhaifu. Asimame wima na viatu, mkono ukining'inia: kichwa cha bakora kiwe usawa wa mstari wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kikunjike kidogo. Bakora ya urithi ya babu mara nyingi ni ndefu. Ikatwe kidogo kidogo, na chini itiwe mpira. Mwendo ni bakora, mguu mnyonge, mguu mzima. Ngazini, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mnyonge pamoja na bakora. Ngazi zetu ni za kusimama na nyembamba, kamba ya kushikia hucheza, wekeni mbao iliyopigiliwa imara. Ikiwa ipo upande mmoja tu na wakati wa kushuka inaangukia mkono uliopooza, ashuke kinyumenyume akiishika kwa mkono mzima, msaidizi akiwa chini yake.

Nguvu ya zoezi

Akishaweza kutembea bila kushikwa, kosa hugeuka: familia humwacha atembee kwa raha zake. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2020, kwa waliopita miezi 6 tangu kuugua, unasisitiza kutembea kwa nguvu ya wastani hadi ya juu, na hauyapi kipaumbele mazoezi ya kusimama tu. Kipimo cha nyumbani: aweze kukujibu kwa maneno machache, lakini asiweze kusoma kasida. Dakika 20 hadi 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Kwanza daktari wake akubali, hasa mwenye moyo. Pimeni presha kabla: ikiwa ya juu imefika 180 au ya chini 110, siku hiyo hakuna zoezi. Kizunguzungu, maumivu ya kifua au jasho la baridi, aketi mara moja. Uso ukilala upande, mkono ukidondoka au maneno yakikwama upya, hiyo ni boti na hospitali, mkikumbuka saa yalipoanza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina kikomo cha saa 4 na nusu.

Wanaosononeka kwamba hapa hakuna mashine wajue kuwa mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 408, ukilinganisha mashine ya kutembelea yenye mikanda ya kumning'iniza mtu na mazoezi ya nyumbani yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo. Baada ya mwaka mmoja makundi yalikuwa sawa. Lakini someni vizuri: yanayosimamiwa. Mtaalamu amwone angalau kila baada ya wiki 2, abadilishe zoezi. Mkimvusha kwa boti, tazameni maji. Maji yakijaa, boti hukaa juu na vidato vya gati vya kushuka ni vichache. Yakitoka, vidato vya chini vina utelezi wa mwani.

Kutoka nje

Mwaka 2001 mji wetu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, lakini vichochoro vyake havikujengwa kwa mtu wa bakora: mifereji kando, mawe yaliyopanda na kushuka, na punda. Tokeni baada ya alfajiri, kabla mizigo ya mchanga na mawe haijaanza. Mkisikia "simile!" msimkimbize, mgeuzeni mgongo wake uegemee ukuta, msaidizi asimame mbele yake hadi punda apite. Barabara ya pwani ndiyo ya kupimia mwendo. Pimeni mita 10, na mita 2 za ziada kila upande za kuanzia na kusimamia. Akizimaliza 10 kwa sekunde 25 au zaidi, bado mtu wa ndani ya nyumba. Chini ya 25, anaweza kutoka mtaani kwa safari fupi. Akifika sekunde 12 na nusu, anaweza kwenda popote watu wanapokwenda. Pimeni kila wiki 2, siku ile ile, kiatu kile kile.

Wengi wanachokililia ni kurudi kusali kama zamani, si kitini. Hilo nalo lina mazoezi yake, akishaweza kusimama kutoka kiti cha sentimita 40 mara 10 bila mikono. Kiti kizito kiwe mbele yake, na mswala utandikwe juu ya kitu chenye ulaini. Ashike kiti kwa mkono mzima, apige goti la upande mnyonge kwanza, kisha la pili. Kuinuka, kiganja kizima juu ya kiti, unyayo mzima uje mbele ukanyage, pua mbele, asukume. Mara 3 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza, msaidizi akiwa nyuma na mkono kwenye kikoi.